Pombe, mawazo na kitanda cha wanandoa: ninachowaambia wanaonijia msimu wa korosho

Minada ya korosho ikishafunguliwa mwezi Oktoba na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, huwa najua wageni wangu watakuja na shida gani. Mwanamke huja mchana. Hukaa jamvini, akaniambia mumewe anarudi usiku amekunywa, anajitupa kitandani na kulala papo hapo, lakini ikifika saa 9 yuko macho anageuka huku na huku, na "yale mambo yetu, mama, ni kama hayapo." Mwanaume huja jioni, peke yake. Huanza na bei ya mnada, akapitia habari za mvua, akausifu mwembe wangu, na akishaaga mara ya kwanza ndipo anauliza kama kuna dawa.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga Newala, kisha Masasi, kisha hapa Mtwara mjini, na sasa nimestaafu naishi Mikindani. Kwa kuwa pia nimekuwa somo, yaani mfunzi wa unyago, wa mabinti wengi wa hapa, watu hawanionei haya sana. Ninayaandika haya kwa ajili ya wale ambao hawatakuja kwangu wala kwa mtu mwingine, ambao wataishia kununua vidonge gulioni na kuvimeza kwa siri. Neno langu ni moja. Kabla hujatafuta dawa ya nguvu za kiume, na kabla hujamshuku mwenzio kwamba ana mtu nje, uchunguzeni kwanza usiku wenu. Pombe ya jioni na mawazo ya mchana hukutana ndani ya usingizi, na kinachoharibika humo ndicho hicho mnachokitafuta kitandani.

Tuanze na pombe yenyewe, maana watu wa kusini hatunywi kitu kimoja. Kuna bia ya chupa. Kuna tembo la mnazi kwa watu wa pwani. Kuna uraka, maji ya mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyoachwa yakachachuka, na mabibo yakikaushwa yakawa kochoko basi pombe hupatikana hata msimu ukiwa umepita. Halafu kuna nipa, ambayo ni ukoo mmoja na gongo, na sheria inaikataza. Bia angalau ukali wake umeandikwa kwenye chupa. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, na mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: chupa moja inahitaji saa mbili hadi tatu. Aliyeanza saa 1 jioni akanywa chupa nne, kilevi kitamwishia mwilini kati ya saa 9 usiku na mapambazuko. Uraka na nipa hesabu hii haiwezekani, kwa sababu kila mpishi ana ukali wake, na pombe kali ya kienyeji ikiingiwa na methanoli inapofusha macho na kuua. Kwa hiyo mtu wa nipa akiniambia "nakunywa vikombe viwili tu", hajaniambia kitu.

Sasa, kilevi hicho kinafanya nini kichwani? Ubongo una kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, na una kemikali ya kuamsha iitwayo glutameti. Pombe huipa nguvu ile ya kwanza na kuizuia ya pili. Ndiyo sababu mnywaji usingizi humjia haraka, na saa za mwanzo hulala usingizi mzito kuliko kawaida yake. Anaposema "inanilaza", anasema kweli, na mimi sibishani naye. Shida ni kwamba ubongo haukai tu ukikandamizwa. Unaanza kujisukuma upande wa pili ili ulingane, na kilevi kinapopungua damuni ule msukumo wa kuamsha unabaki juu peke yake. Mtu anafumbua macho ghafla. Moyo unakwenda mbio, shuka imeloa jasho, mdomo mkavu, kibofu kimejaa, na kichwani kuna ndoto mbaya iliyokatikia njiani. Kibofu nacho kina sababu yake: pombe hupunguza homoni inayoziambia figo zihifadhi maji usiku, hivyo mtu anakojoa maji ambayo mwili uliyahitaji. Na koo nalo hulegea, mtu akakoroma, wengine pumzi ikawa inakatika kwa sekunde kadhaa kisha inarudi kwa kishindo. Wake zao ndio wanaoijua habari hii, wao wenyewe hawaijui.

Wakulima wenzangu watanielewa nikisema hiyo ni kangomba. Una shida kabla ya msimu, anakuja mtu na fedha mkononi, anazifunga korosho zako zikiwa bado mtini kwa bei anayoitaka yeye. Fedha umezipata kweli, tena mapema. Lakini mnada ukifika, magunia si yako. Pombe inakupa usingizi wa mwanzo wa usiku ikachukua wa alfajiri, na wa alfajiri ndio wenye bei.

Niueleze huo wa alfajiri, maana hapa ndipo mambo ya ndoa yalipo. Mwaka 1953 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza aina ya usingizi ambamo macho yanachezacheza chini ya kope huku mwili umelegea, na ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Ni usingizi ambao ndoto nyingi hutokea. Unakuja kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo unavyokuwa mrefu. Mwanaume mwenye afya, kila anapoingia kwenye usingizi huo, uume husimama wenyewe bila yeye kuota jambo lolote la mapenzi. Hutokea mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja. Ile hali ya kuamka asubuhi uume ukiwa umesimama ni mabaki ya mzunguko wa mwisho. Wengi wanadhani ni mkojo. Damu hiyo inayopita usiku hulisha misuli ya uume hewa safi, ni matunzo ya mwili kwa chombo chake. Pombe huusukuma usingizi wa ndoto kando kwenye nusu ya kwanza ya usiku, kisha nusu ya pili, ambako ungejilipa, mtu yuko macho anatazama dari.

Na homoni ya kiume, testosteroni, hupanda mtu akiwa amelala, ikawa juu zaidi asubuhi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa matokeo ya vijana kumi wenye afya njema waliolazwa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana hao hawakupewa pombe, ni kukosa usingizi peke yake. Mnywaji wa kila siku ana na jingine juu ya hilo: pombe nyingi ya muda mrefu huathiri chembe za korodani zinazotengeneza homoni hiyo.

Mimi sinywi. Lakini saa 9 ya usiku naijua vizuri, kwa hiyo nusu ya pili ya maneno yangu, ile ya mawazo, sikuisoma tu. Msimu mmoja malipo ya shamba letu yalichelewa sana. Ada za watoto zilikuwa zinadaiwa, vibarua waliopalilia walikuwa wanapita mlangoni, na duka la pembejeo lilikuwa linapiga simu. Nilikuwa nalala saa 4 kwa uchovu, na kabla ya adhana ya alfajiri, kabla hata ya jogoo, nilikuwa macho nikijumlisha madeni. Sina joto la pombe, sina kibofu kilichojaa, ila moyo ulikuwa unakwenda vilevile. Mume wangu pembeni alikuwa macho pia, naye akijifanya amelala ili asinitie wasiwasi. Miezi ile hatukugusana, wala hapakuwa na ugomvi wowote kati yetu.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ndizo zinazotoa adrenalini na kotisoli, homoni za msukosuko. Daktari Hans Selye alipoandika mwaka 1936 kwamba mwili una namna moja ya kujibu mashambulizi ya kila aina, alikuwa amewatazama panya, lakini mkulima anayesubiri malipo na panya aliyetiwa baridini hawaachani sana ndani ya damu. Adrenalini hukimbia: moyo juu, mishipa ya ngozi na ya tumbo hubana, damu ikaenda kwenye miguu na mikono. Kotisoli hutembea polepole na kukaa muda mrefu, ikitoa sukari damuni ili nguvu isikatike. Kwa kawaida kotisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, ikaanza kupanda saa za mwisho za usiku, na hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka. Hivyo ndivyo Mungu alivyotupangia tuamke tukiwa na nguvu. Mtu mwenye mawazo mazito huwa nayo juu hata jioni, wakati ilipaswa kushuka. Ikianza kupanda alfajiri, inaanzia mahali palipo juu tayari, ikamwamsha mapema mno.

Sasa weka pombe juu yake. Kunywa kwingi nako huipandisha kotisoli, na mtu aliyezoea kunywa huipandisha tena pombe inapomtoka. Kwa hiyo yule anayekunywa ili asahau deni, saa 9 usiku anapokelewa na mambo mawili kwa pamoja: ubongo uliosukumwa upande wa kuamka, na homoni ileile ya deni ikiwa imeongezeka. Jioni inayofuata hajalala, ana hasira, anahitaji kitu cha kumtuliza. Anakunywa. Nimewaona watu wema, wachapakazi, wakizunguka humo miaka, na kila mmoja aliamini pombe ndiyo inayomsaidia kulala.

Kitandani sasa. Msisimko wa mapenzi hautaki mwili ulio vitani. Uume husimama pale mishipa ya fahamu ya utulivu inapotoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, misuli ya kuta za mishipa ya damu ikalegea, damu ikajaa na ikazuiwa isitoke. Kwa mwanamke ni njia hiyohiyo: damu hujaa ukeni, ute ukatoka, ngozi ikawa na hisia. Adrenalini hufanya kinyume chake, hubana. Ndiyo maana mwanaume anayempenda mkewe kwa moyo wote anaweza kushindwa siku aliyopokea barua ya benki. Mke akilichukulia jambo hilo kuwa ni dharau, anamwongezea adrenalini ya kesho.

Pombe kidogo huondoa aibu, hilo sitalikana, na ndiko sifa yake inakotoka. Lakini inapozidi hupunguza hisia, hulegeza uume au kuuchelewesha mno, na kwa wanawake kuna jambo ambalo naona halisemwi. Marekani, miaka ya 1970 na 1980, wanawake walipewa pombe kwa vipimo tofauti huku vifaa vikipima damu inayokwenda ukeni. Kadiri walivyokunywa ndivyo damu ilivyopungua na kilele kilivyochelewa, ingawa wengine walisema wanajisikia wamesisimka zaidi. Kichwa kilikuwa kinasema kimoja na mwili kingine. Tena mwanamke akinywa sawasawa na mwanaume wa uzito uleule, kilevi kwenye damu yake huwa juu zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo kuliko wa mwanaume. Dada zangu mnaokunywa bia na waume zenu ili "kuchangamka", mnapoona mnaumia kwenye tendo la ndoa, msiseme umri umekwenda. Anzeni hapo.

Na kwa mwanamke usingizi wenyewe ni hamu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliotoka mwaka 2015 uliwafuatilia wanawake 171 kwa wiki mbili. Kila saa moja ya ziada ya usingizi iliongeza kwa asilimia 14 uwezekano wa kukutana na mwenzi siku iliyofuata. Nilipousoma niliwafikiria wanawake wa Chikongola sokoni wanaoamka saa 10 usiku kuwahi samaki, wakarudi usiku kupika, kisha mume akawaambia wamekuwa baridi. Baba, mwache alale. Chukua mtoto, teka maji, funga mlango.

Nikiwa bado kazini walinijia wanaume wawili katika msimu mmoja, wa rika moja, kauli moja: nguvu zimekwisha. Swali la kwanza ninaloliuliza kila mara ni hili: asubuhi je? Wa kwanza, mkulima wa upande wa Tandahimba, akafikiri, akasema asubuhi za siku za mazishi au za safari, ambazo hakunywa, mambo yapo kama zamani. Ya usiku na mkewe ndiyo hayapo. Huyo mishipa yake ni mizima. Nilimwambia habari ya saa 9 kama nilivyoiandika hapa, tukakubaliana pombe iwe Jumamosi tu, mchana, na ikome kabla ya magharibi. Wiki za mwanzo alilalamika kwamba halali kabisa. Ilikuwa lazima iwe hivyo, ubongo wake ulikuwa bado umesimama upande wa kuamka ukiingojea pombe ambayo haikuja. Baadaye usingizi ukarudi. Mkewe ndiye aliyekuja kunishukuru, na hakusema ya nini.

Wa pili alisema asubuhi hakuna, kwa muda mrefu sasa, awe amekunywa au hajanywa. Huyo sikumwambia habari za pombe kwanza. Nilimpeleka apimwe, sukari ikakutwa juu sana na presha nayo juu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ugonjwa wa mishipa huweza kujionyesha huko miaka kadhaa kabla haujafika kifuani. Angenunua vidonge gulioni asingejua. Na vidonge vyenyewe, vile vya sildenafili, ukivichanganya na dawa za moyo za jamii ya nitreti presha inaweza kuporomoka hadi kufa. Sivikatai kama daktari amekuandikia. Nakataa kuvinunua kwa mtu aliyetandika turubai.

Mwezi wa Ramadhani hutuonyesha jambo hili bila maabara. Wapo wanywaji wa huku pwani ambao mwezi ule hawagusi pombe kabisa, na kule Masasi na Ndanda wapo Wakristo wanaoiacha pombe wakati wa Kwaresima. Usingizi wa Ramadhani unakatwa na daku, lakini nimesikia mara nyingi, tena kutoka kwa wake zao, kwamba kufikia kumi la pili mume amepungua ukali, hakoromi kama zamani, na baada ya tarawehe anataka mazungumzo. Kisha Idi inafika na chupa zinarudi. Nikisema nao huwauliza: ule mwezi ulijisikiaje? Hawahitaji mtaalamu kuwajibia.

Kwa anayetaka kujaribu, ningeanza na saa kabla ya idadi. Unywaji wa mwisho uwe mbali na kitanda, angalau saa tatu au nne, na uwe umekula ugali wako kwanza, maana tumbo tupu hupitisha kilevi kwa haraka. Chupa moja iliyomalizika jua likizama ni habari tofauti kabisa na chupa nne za saa 4 usiku. Usichanganye pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinakuficha ulevi wako, ukanywa zaidi. Kahawa ya barazani baada ya isha nayo iangalie, kwa sababu nusu ya kafeini yake bado imo damuni saa tano baadaye. Na tafadhali sana, usimeze piritoni wala valiamu juu ya pombe ili ulale. Vyote vinatuliza ubongo, na ubongo ndio unaoamrisha kupumua. Nimewahi kupokea usiku mtu wa namna hiyo, na ndugu zake walidhani amelewa tu.

Kwa mawazo, lililonisaidia mimi ni daftari. Baada ya chakula cha jioni, si kitandani, tuliketi mimi na mume wangu tukaandika nani anatudai, kiasi gani, na kesho tutamwambia nini. Madeni hayakupungua hata shilingi. Lakini kilichokwisha kuandikwa na kupangiwa siku hakikuniamsha tena kwa nguvu ileile. Ukiamka hata hivyo, usibaki kitandani ukilazimisha. Inuka, kaa nje kwenye upepo, usiguse simu, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi ndefu hushusha mapigo ya moyo. Asubuhi amka saa ileile hata kama ulilala vibaya, toka juani. Na joto la Novemba la huku ni adui wa usingizi, kwa hiyo fungua madirisha, weka chandarua kizuri, oga maji kabla ya kulala.

Hofu ya kushindwa nayo ni adrenalini. Mwanaume aliyeshindwa mara moja, mara ya pili anaingia chumbani kama anayekwenda kwenye mtihani, na mwili unamjibu hivyohivyo. Wengi hunywa ili kuiondoa hofu hiyo, wakaongeza sababu ya kushindwa. Mabinti wangu huwa nawaambia: mazungumzo haya hayafanyiki kitandani, wala hayafanyiki amelewa. Yasubiri asubuhi, njiani kwenda shamba au mkibangua korosho, mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Mwambie "baba fulani, siku hizi hulali, nami silali", uanze na usingizi. Mwanaume wa kwetu atazungumzia usingizi wake saa nzima, mengine yatakuja yenyewe. Na kwa muda fulani kubalianeni kukumbatiana tu, bila kazi yoyote ya kukamilisha. Mwili ukishajua hakuna mtihani, hutulia.

Kuna la kutofumbia macho. Mume anayerudi amelewa akamlazimisha mkewe, hilo si tatizo la homoni na sitalipa jina hilo. Mke ana haki ya kusema hapana ndani ya ndoa yake. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na hospitali unapokewa.

Tena nisisitize kwa wale wanaokunywa kila siku, hasa nipa, hasa wanaoanza asubuhi. Msiache ghafla nyumbani peke yenu baada ya kunisoma. Mwili uliozoea ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, akatetemeka na kupandwa na homa. Hali hiyo inaua. Mikono ikitetemeka kila unapochelewa kunywa, hiyo ndiyo alama kwamba kuacha kwako kunahitaji daktari, dawa na mtu wa kukuangalia. Nendeni hospitali: Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, Mkomaindo kwa Masasi, au Ndanda na Nyangao kwa walio karibu nako.

Ukienda, usiishie kusema "sina nguvu". Mwambie daktari unakunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi unamaliza. Mwambie unaamka saa ngapi usiku, kama unakoroma, kama asubuhi uume unasimama. Taja kila dawa unayotumia, ya presha hasa, maana baadhi yake zinagusa nguvu za kiume na zinaweza kubadilishwa, usiziache mwenyewe. Omba upimwe sukari na presha hata kama hawajakuambia. Na mkeo akikubali, ingieni wote wawili, kwa sababu habari za saa 9 usiku anazijua yeye kuliko wewe.